Koti Nililomvika Marehemu

Kazi yangu ni kuchora watu waliokufa. Nalisema mapema kwa sababu mtu akiniuliza nafanya nini na nikimjibu, huwa anasogea mbali kidogo, na mimi siku hizi namwacha asogee.

Kibanda changu kiko Makina, ndani ya Kibera, kimebanwa kati ya fundi cherehani na muuza makaa. Wateja huja na picha ya kitambulisho, au na simu yenye picha ya sherehe ambapo marehemu ameshika soda na bega la mtu mwingine limemziba sikio. Mimi naiondoa soda, nalitoa lile bega, nachora sikio. Mwanamume aliyepigwa picha akiwa na fulana namvika koti na tai. Mama aliyejifunga kitambaa cha jikoni namsuka nywele. Watu wa ziwani na sisi wa magharibi tunaithamini sana hiyo picha. Inabebwa mbele ya jeneza, inawekwa juu ya kiti wasifu ukisomwa, halafu inaangikwa sebuleni na hapo inakaa mpaka wajukuu wazeeke. Kwa hivyo namfanya marehemu awe mtu ambaye nyumba yake haitamwonea haya. Tangu nianze hakuna aliyewahi kulalamika.

Wasifu pia naandika. Shuleni nilikuwa moto kwa insha, na watu wakishajua unaweza kupanga maneno hawakuachi. Wananisimulia huku wakilia, mimi napanga: alizaliwa, alisoma, alipenda watu, alikuwa mcheshi. Wote walikuwa wacheshi. Sijawahi kuandika wasifu wa mtu mnunaji, na wanunaji nao wanakufa kila siku.

Zamani nilikuwa nalala nyuma ya hicho kibanda, chumba cha mabati. Pale Kibera huwezi kuwa mpweke hata ukitaka. Jirani akipiga chafya unamwambia afya ukiwa kitandani kwako, na ukinunua nyama ploti nzima inajua kabla haijaiva. Mambo yalipokaa sawa kidogo nikahamia Gatina, kule Kawangware, kwenye ghorofa ya mawe yenye mlango wa chuma na choo changu mwenyewe. Nilifurahi kama bibi harusi. Ilichukua muda kabla sijajua nimejifanyia nini. Pale watu wanafungua mlango, wanatoka, wanafunga, wanashuka ngazi wakiangalia simu. Ukisema "sasa" unajibiwa "poa" na mgongo. Nilikuwa narudi jioni na nyuso za siku nzima kichwani, nafunga ule mlango, na hakuna mtu hai hata mmoja wa kunisaidia kuzifukuza. Upweke ulinikalia kifuani, wacha nisidanganye. Nilianza kuongea na sufuria.

Kitu kimoja tu ndicho kilichopita kwenye ule ukuta, na kilikuwa gitaa. Jioni, saa ya watu kupika, jirani wa upande wa kushoto alikuwa anapiga. Ulikuwa ule mtindo wa ziwani ambao nyuzi nyembamba zinafukuzana, lakini yeye aliupiga polepole, kama anatembea na mgonjwa. Wimbo ulikuwa mmoja. Kila mara aliukatiza katikati, pale ambapo mtu mwingine angepaswa kuingia, akanyamaza kidogo, halafu akaanza upya. Sikuwahi kumwona. Alitoka kabla yangu na kurudi kabla yangu. Lakini nilikuwa nazima redio nimsikilize, na kitunguu changu nilikuwa sikikaangi mpaka aanze. Ukiwa peke yako unajitengenezea mtu wa kula naye hata kama hajui.

Mwaka huo huo niliohamia alikuja kibandani mama mmoja mzee kutoka ziwani, aliyekuwa amefikia kwa mpwa wake mtaa wa Olympic, hapo hapo Kibera. Alivua viatu kabla ya kuingia, na kibanda chenyewe hakina hata sakafu. Akafungua leso akatoa picha ndogo iliyokunjika: kijana mwembamba, shati wazi mpaka tumboni, gitaa begani, jino moja la mbele limevunjika na yeye analionyesha lote. Akaniambia huyo ni ndugu yake mdogo. Alikuja Nairobi kupiga muziki wa bendi, na tangu mama yao afariki hakuna aliyemsikia tena. Hata mazishini hakuja. Walimtafuta, wakatangaza redioni, wakazunguka mochari, wapi. Yeye mwenyewe wiki hiyo alikuwa ametembea Kibera yote akiwaonyesha watu ile picha, miguu imevimba. Sasa wazee nyumbani walikuwa wamesema basi. Mtu asiyejulikana kama yuko hai au la ni mzigo kwa boma, kila mtoto akiugua anatajwa yeye. Wamzike, watu wapumzike.

Kwao, mtu akipotea kabisa na mwili haupo, wanazika tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Linafungwa sanda, linawekwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Sikuuliza mengi. Nimeshachora kwa ajili ya mazishi ya namna hiyo, na awe mwili au tunda, kazi yangu ni ile ile.

Shida ilikuwa umri. Picha ilikuwa ya zamani sana.

"Mfanye mzee kidogo," mama akaniambia. "Siwezi kumzika mtoto."

Nikamwomba akae kwenye kiti, nikamtazama yeye. Mikunjo ya macho nikaichukua kwake. Ile mistari miwili ya kando ya mdomo nayo nikaichukua kwake, na mvi za juu ya masikio. Nikampa ndugu yake vyote. Jino nikalitengeneza. Shati nikalifunga mpaka shingoni, juu yake nikamvika koti jeusi na tai. Akatoka mtu wa heshima, mtu ambaye ungempa ufunguo wa kanisa bila kufikiri. Kisha nikaandika wasifu: mwanamuziki hodari, mpenda familia, mcheshi, ametutoka tukiwa bado tunamhitaji. Mama aliusoma polepole kwa kidole. Akashukuru, akafunga picha ndani ya shuka, akaondoka nayo. Niliipiga picha kwa simu kabla haijatoka, kama ninavyofanya kwa kazi zote, na nilipoitazama jioni niliona ndiyo kazi yangu bora.

Miezi ikapita. Asubuhi moja maji yakapotea Gatina nzima, ikabidi sote tushuke na mitungi hadi kwenye tangi la uani. Nikiwa kwenye foleni, mtu aliyekuwa mbele yangu akageuka kuniuliza kama ule mtungi wa njano ni wangu. Alikuwa ni marehemu wangu.

Sisemi alifanana naye. Nasema alikuwa yeye. Mikunjo ilikuwa pale pale nilipoiweka. Ile mistari ya mdomoni ilikuwa pale. Mvi zilianzia juu ya masikio kama nilivyozianzisha mimi kwa penseli. Vilivyokosewa ni viwili tu: shati lilikuwa wazi, na jino lilikuwa limevunjika. Niliacha mtungi kwenye foleni nikapanda ngazi, nikajifungia. Mkono wangu wa kuchorea nikaukalia. Nikajiambia, umechora wafu mpaka sasa wanakuja kuchota maji. Kutwa nzima sikwenda Makina. Na jioni, ukuta wa kushoto, gitaa likaanza, na nikaelewa ni nani aliyekuwa akinipigia muda wote huo.

Ngoja nieleze ule uoga ulikuwa wa namna gani, kwa sababu haukuwa wa majini. Nilijua kabisa ni mtu, mtu anayekohoa na kununua mandazi pale chini. Nilichoogopa ni kwamba katika Nairobi yote ni mimi tu niliyejua kuwa huyu anayetembea amezikwa. Hata yeye hakujua. Alikuwa anapanda zile ngazi akiwajibu watu "poa", na huko kwao kaburi lake limeshaota nyasi. Dada mtu alikuwa amemaliza viatu akimtafuta Kibera, wakati yeye alikuwa hapa Kawangware, mahali ambapo ukiamka mapema unafika kwa miguu na jasho halijatoka. Nilikuwa nikilifikiria hilo napandwa na baridi. Nikimwambia nitakuwa nimemzika tena, na safari hii kwa mkono wangu. Nikinyamaza namwacha huko chini. Basi nikanyamaza, nikawa namkwepa. Tukikutana kwenye ngazi naangalia simu kama wengine. Gitaa likianza nywele zinanisimama. Na pamoja na hayo yote, kitunguu bado nilikuwa namngojea nacho.

Halafu gitaa likanyamaza. Siku ya kwanza nilishukuru. Zilizofuata sikuweza kula. Nilikuwa nasimama katikati ya nyumba na mwiko mkononi nikisikiliza ukuta. Mwishowe, Jumapili baada ya ibada, nilikwenda nikagonga mlango wa chuma wa jirani, jambo ambalo pale Gatina hufanywa na polisi tu na mwenye nyumba. Hakuna aliyejibu. Nikausukuma.

Alikuwa amelala sakafuni juu ya godoro, homa imemkausha midomo. Chumba kilikuwa na jiko la mafuta, ndoo, godoro na lile gitaa ukutani, basi. Ningechelewa kidogo, wangemjua kwa harufu. Nilikimbia nikaleta maji, nikanunua dawa, nikapika uji, nikakaa. Kwa siku kadhaa niliacha Makina ifungwe, nikawa naenda na kurudi na sufuria. Aliniita "dada wa sufuria". Alikuwa na maneno machache, na sauti ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

Jumapili iliyofuata aliweza kukaa. Nilimpa uji, na nikaona nikiondoka bila kusema sitasema tena maishani.

"Mzee," nikamwambia, "kwenu wamekuzika."

Hakushtuka, na hapo ndipo mimi niliposhtuka. Aliuliza lini, nikamwambia. Akauliza kama walitumia yago, nikasema ndiyo. Akaupuliza uji uliokuwa umeshapoa. Kisha akanieleza yake. Habari za kifo cha mama yake alizisikia sokoni Kawangware, kwa mtu wa kwao aliyekutana naye kwa bahati, na wakati huo mama alikuwa ameshalala kaburini. Bendi ilikuwa imekufa, yeye alikuwa mlinzi wa mchana kwenye yadi ya mbao, na kule kwao walikuwa wakijua bado anapiga muziki. Akasema kutomzika mama yako si kosa la kuombea msamaha kwa simu. Alitaka kwanza apate maneno. Mwaka wa kwanza aliyakosa, wa pili yakawa magumu zaidi, na baada ya hapo akaacha kuyatafuta.

Akaniuliza kule mazishini walisema nini juu yake. Wasifu wangu nilikuwa naukumbuka, nikamsomea kutoka kichwani. Nilipofika kwenye mpenda familia nilipita haraka. Yeye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu kanisani. Kisha akaomba kuiona picha. Nikatafuta kwenye simu nikampa. Aliitazama mpaka kioo kikazima, akanirudishia niwashe, akaitazama tena.

"Huyu ni mtu wa maana," akasema. "Nani alimpa koti?"

"Ni mimi."

"Sasa mimi nirudi kama nani? Walimlilia mtu mzuri, wamemwangika ukutani. Nikiingia hivi nilivyo nitawaharibia marehemu wao."

Hasira zilinipanda, na sijui nilimkasirikia yeye au lile koti. Nimechora makoti mangapi? Ndiyo kwanza nikaona kuwa kumbe linaweza kumfungia mtu nje ya kwao. Namba ya dada yake nilikuwa nayo. Nikapiga pale pale, mbele yake, sauti nikaifungua ili asikie.

Yule mama alipokea. Nikajieleza vizuri, kwa heshima, nikamwambia ndugu yako yuko hai, niko naye. Akanijibu kwamba matapeli wa Nairobi tumekosa hata haya, tumemaliza kuwaibia walio hai sasa tunafufua wafu, na Mungu ananiona. Akakata. Simlaumu, hata mimi ningekata. Nikapiga tena, nikamwomba asikate, asikilize tu. Nikamsukumia mzee simu aongee. Akatikisa kichwa. Akaninong'oneza kwamba mtu aliyezikwa hampigii mtu simu akamwita hivi hivi. Dada yake akiitika sauti yake na kesho apatwe na jambo, itasemwa ni yeye aliyemwita. Simu ilikuwa inapumua pale kati yetu. Nikalitoa gitaa ukutani nikamwekea mapajani.

Akapiga wimbo ule. Vidole vilikuwa dhaifu, nyuzi hazijakazwa, lakini ulikuwa ule ule. Alipofika katikati akakatiza, kama siku zote. Kwenye simu nilisikia kuku, nikasikia mtu akivuta kiti. Halafu ile sauti ya kizee, nyembamba, ikaingia pale alipoachia. Akaimba kipande chake chote mpaka mwisho, kwa lugha yao, bila haraka. Mzee baadaye aliniambia ulikuwa wimbo wa mama yao wa kusagia mtama. Kaka alianza, dada akaitikia, mama akasaga. Wakati ule mimi sikujua hilo, nilijua tu kwamba yule aliyekuwa akisubiriwa nyuma ya ukuta wangu jioni zote amefika.

Alipomaliza aliongea na mimi, si naye.

"Wewe ndiye uliyechora ile picha?"

"Ni mimi, mama."

"Nimeigeuza, inaangalia ukuta tangu tulipotoka kaburini. Sijui ulinichorea nani. Ananitazama kama meneja wa benki. Ndugu yangu hajawahi kufunga kifungo hata kwa askofu." Nikamsikia akipenga kamasi. "Mwambie mimi nilizika tunda. Mambo ya wazee aniachie, nitapigana nao. Aje na shati lake wazi, na hilo jino asilizibe."

Mzee alilia. Alilia kwa sauti, bila kujificha uso, na majirani wa Gatina kwa mara ya kwanza wakafungua milango kutazama. Mimi pia nililia. Kazi yangu bora ilikuwa imepewa adhabu huko ziwani, imeangalia ukuta kama mtoto mtundu, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kukataliwa.

Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Wazee walikaa, wakabishana, wakatawanyika, wakakaa tena. Palikuwa na mambo ya kufanywa pale kaburini kabla hajakanyaga boma, na wengine hawakutaka arudi kabisa, walisema aliyekwisha lala asiamshwe. Kulikuwa na wajukuu waliokwisha kuambiwa wasimkimbie, na mmoja akaapa kuwa atamkimbia tu. Dada alipigana nao wote. Siku iliyopangwa nilimsindikiza mzee mpaka kituo cha basi. Alikuwa amevaa shati la bluu, vifungo vitatu vya juu wazi, na gitaa amelifunga kwenye gunia. Akaniuliza kama nadhani watamwogopa. Nikasema wengine watamwogopa, lakini dada yake hatamwogopa, aanze na huyo.

Akapanda. Akafungua dirisha, akanitazama kwa muda kama ananisoma uso.

"Na wewe," akaniuliza, "kwenu wanajua uko wapi?"

Nikasema wanajua. Basi likaondoka.

Nilirudi Gatina. Mlango wa jirani umefungwa kwa kufuli, hajapatikana mpangaji. Jioni ile nilikata kitunguu nikakaa nacho, sikujua nikikaange saa ngapi. Sikukosana na mtu kwetu. Laini ambayo mama anaijua ilipotea pamoja na simu, nikasema nitampa namba mpya nikienda Krismasi, na Krismasi hiyo sikwenda. Zilizofuata nazo zikapita. Namba ya mama siikumbuki kichwani. Nina kazi, nina nyumba ya mawe, niko sawa, na tangu mzee aondoke sijaongea na mtu yeyote baada ya saa kumi na mbili jioni.

Kwetu magharibi hatuziki yago. Mtu akipotea wanatafuta mgomba unaolingana na kimo chake, wanaukata, wanaufunga sanda. Nyuma ya jiko la mama kuna migomba mingi.